Kaske ya dola 300 na kaske ya bure

Siku moja kisha mushahara kuingia, mudogo wangu alifika ku nyumba na kartoni mbili. Ndani ya ya kwanza mulikuwa kaske ya muziki ya marki kubwa, ile yenye haina kamba. Ndani ya ya pili, nene sawa valizi ya safari, mulikuwa ampli, bafle mbili, na ingine moja munene ya besi. Aliziweka chini ku saloni, akaita watoto, akapiga muziki. Mabati ya nyumba yakatetemeka. Majirani wakaanza kuchungulia juu ya lupango.

Bibi yake hakucheza. Alisimama ku mulango ya jikoni, mukono ku kiuno, akauliza: "Bwana, hii yote uliuza bei gani?"

Alijibu juu ya kaske tu: dola 300. Juu ya ampli alisema, "tutaongea."

Baba yetu, mwenye alitumika miaka mingi chini ya udongo na masikio yake yamechoka, alikuwa ameketi pembeni. Alisikia neno moja tu, "kaske", akashangaa: "Kaske ya dola 300? Kampani haikukupatia ya bure?"

Tulicheka wote. Lakini nilipokwisha kuzunguka na hii habari juma mbili, niliona kama Muzee alikuwa amesema jambo la maana kuliko sisi wote.

Kwa sababu tangu siku ile nyumba ilikosa amani. Mudogo wangu alikuwa anasema: "Miye natumikaka zamu ya usiku, nakulaka vumbi. Hata kintu kimoja ya kunifurahisha nisiuze?" Shemeji naye anajibu: "Furaha ni muzuri, shikatai. Lakini minervali ya batoto haiyalipwa. Batafukuzwa ku masomo juu ya besi?" Wakaniita mimi, yaya, niamue. Mimi ni mutu wa kuandika, si fundi wa radio. Niliwaomba juma mbili niulize, nisome, nipime. Haya ndiyo nilipata, na ninayaandika hapa kwa sababu ninajua nyumba yetu haiko peke yake. Kila mwisho wa mwezi, kartoni za namna hii zinashuka ku mitaa ya Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba.

Bei inabeba nini?

Tuseme ukweli kwanza: kintu cha marki kubwa si lazima kiwe uongo. Kaske iliyofanywa vizuri haibane kichwa, haivunjike mwezi wa tatu, na betri yake inavumilia. Zile zenye kuzima kelele kwa ufundi wa umeme zinasaidia kweli: kimikro kidogo kinasikiliza muvumo wa inje, na kaske inatoa sauti ya kuupinga. Inaweza sana muvumo wa chini wenye haubadilike, sawa injini ya bisi ao ya ndege. Mutu mwenye anasafiri saa mbili kwenda ku karieri na saa mbili kurudi, anaweza kulala ndani yake.

Lakini pamoja na ufundi huo unalipa vitu vingine: matangazo, duka, meli, lori, forodha ya Kasumbalesa, na jina. Na jina peke yake liko na bei. Mwaka 2006 Dr. Dre na Jimmy Iovine walianzisha Beats. Mwaka 2014 Apple ilinunua kampuni ile, pamoja na huduma yake ya muziki ku intaneti, kwa dola milyari 3. Hakuna kiwanda cha plastiki na waya chenye bei kama hiyo. Jina ndilo lilikuwa na uzito.

Tuchukue mufano wa bei. Mwaka 2022 Sony ilitoa kaske yake WH-1000XM5 kwa dola 400 hivi kule Marekani. Wakati huohuo JBL ilikuwa na kaske ndogo, Tune 510BT, ya dola 50 hivi. Ya kwanza ni bei ya ya pili mara nane. Je, muziki wake ni muzuri mara nane?

Wapimaji walifanya hiyo kazi. Mwaka 2017 mutafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya kaske 283, za bei ya chini na za bei ya juu. Alitafuta kama kuna uhusiano kati ya bei na namna kaske inagawanya sauti nene na sauti nyembamba. Hakuona. Kaske ya bei kali inaweza kuwa na sauti muzuri ao mubaya, na ya bei kidogo vilevile.

Mbele yake, mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni Harman, wenye JBL, waliwasikilizisha watu bafle mara mbili: mara ya kwanza watu wanaziona, mara ya pili ziko nyuma ya pazia. Wakati watu waliziona, zile kubwa na za bei zilipata alama mingi. Pazia lilipofungwa, alama zikabadilika. Masikio yalikuwa yaleyale, macho ndiyo yalikuwa yamewadanganya.

Shaba yetu iko ndani

Sisi watu wa Katanga tuko na haki ya kujua mulio ndani ya bafle, kwa maana sehemu yake inatoka hapa. Bafle ni kintu rahisi: waya mwembamba uliozungushwa, mara mingi wa shaba, sumaku nyuma yake, na karatasi ao plastiki mbele. Umeme wa muziki ukipita ndani ya waya, sumaku inausukuma na kuuvuta, karatasi inatikisika, hewa inatikisika, wewe unasikia. Kaske ni bafle mbili ndogo ku masikio.

Zamani sumaku za bafle za kifahari zilikuwa za alniko, ndiyo kusema aliminiumu, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Mwezi wa tano 1978 vita viliingia Kolwezi. Wazee wetu wanakumbuka hofu ya siku zile. Kwa sababu kobalti mingi ya dunia ilikuwa inatoka kwetu, bei yake ilipanda vikali. Viwanda vya bafle vya Marekani, JBL mumo, viliacha alniko mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, vikaenda ku sumaku za feriti zenye hazina kobalti. Hata leo kuna wapenda-muziki ku Ulaya wanatafuta bafle za alniko za zamani na kulipa feza mingi. Labda hawajui kama ilikuwa ni Kolwezi yenye ilizifanya kuwa haba.

Leo kobalti yetu imerudi ndani ya kaske kwa mulango mwingine: betri. Betri mingi za vitu vidogo visivyo na kamba ziko na litiumu na kobalti.

Sasa fanya hesabu. Tani ya shaba ikiuzwa dola 10,000, gramu moja ni senti moja. Ndani ya kaske muko shaba ya gramu chache tu. Kwa hiyo mutu akikuambia kaske ni bei juu ya "madini ya bei" yaliyo ndani, wewe mwenye unayatoa ku udongo unaweza kumujibu.

Lakini shaba inatusaidia kutambua feki. Waya mingi za bafle zenye zinauzishwa ku soko ni aliminiumu iliyopakwa shaba juu. Chukua kisu, kwaruza ncha ya waya. Kama chini ni nyeupe, hiyo haiko shaba. Kila mutoto wa hapa mwenye alishatembea na wauzishaji wa mitraye anajua hii dawa. Kwa bafle ndogo na waya mufupi haina shida, lakini usilipe bei ya shaba juu ya aliminiumu.

Vati za ku kartoni, umeme wa ku nyumba

Ku kartoni ya mudogo wangu kulikuwa kumeandikwa kwa maandishi manene: 8000 W PMPO. Hiyo PMPO haina kipimo kimoja chenye viwanda vyote vilikubaliana. Kila mutu anaandika namba yenye anapenda. Herufi za kutafuta ni RMS, ndiyo kusema nguvu yenye ampli inaweza kutoa bila kuchoka.

Na kama RMS haikuandikwa, geuza ampli, soma kibandiko cha nyuma, kule wanaandika inakula vati ngapi. Ya mudogo wangu ilikuwa inakula vati 90. Ampli haiwezi kuendelea kutoa nguvu kupita yenye inakula, sawa vile lori haiwezi kumwaga mawe kupita yenye ilipakia. Kwa hiyo zile vati 8000, ukweli wake uko chini ya 90. Na kwa saloni ya metre nne kwa tano, vati 90 ni mingi sana. Vati 20 za kweli zinatosha kuchezesha arusi ndogo.

Tena kuna umeme wenyewe. Unakatika, unarudi na nguvu, unashuka, unapanda. Kintu cha elektroniki cha dola 500 bila stabilizatere ni sawa kumutuma mutu ku mugodi bila kaske. Weka bei ya stabilizatere ndani ya hesabu mbele ya kununua ampli. Kama munatumia pano za jua na betri, bafle ndogo ya kuchajiwa itaimba wakati ampli kubwa inangojea umeme urudi.

Na garanti? Uliza muuzishaji swali moja: "Ikiharibika, inatengenezwa wapi?" Akijibu jina la muji wa mbali, jua ya kama ile garanti umeilipa lakini haitakufikia. Kaske yenye betri yake ikichoka hakuna fundi wa kuifungua, hata ikiwa na jina kubwa namna gani, maisha yake ni miaka michache tu.

Tulifunga macho

Siku ya mungu moja, kisha ibada, nilileta kaske ingine ya dola 25 yenye natumia ku kazi. Tulifanya mashindano. Kila mutu anafungwa kitambaa ku macho, mimi namuvalisha kaske moja, kisha ingine, wimbo uleule, sauti kadiri naweza ileile. Mara kumi.

Shemeji alichagua ile ya dola 25 mara sita. Alipofungua macho akasema, "Ile ingine iko na besi mingi, inafunika maneno." Kijana wake wa miaka 14 alitambua ile ya bei mara tisa. "Inanibana kidogo kule juu, na nasikia vikasha vya ngoma vizuri." Mudogo wangu mwenyewe, mwenye kaske, alipata mara tano. Mara tano kwa kumi ni sawa kutupa franka hewani.

Alinyamaza. Akasema kitambaa kilikuwa kinamusumbua. Tukarudia. Mara nne.

Kijana akachukua simu, akaweka programu yenye inatoa mulio mumoja-mumoja, kutoka nene mpaka nyembamba. Kwa hezi 1,000 wote tulisikia. Kwa hezi 4,000 Baba alitikisa kichwa, hapana. Mudogo wangu alisikia tulipopandisha sauti. Kwa hezi 8,000 kijana alikuwa anafunga masikio kwa mikono, na baba yake anauliza: "Ilishaanza?"

Iko na miaka 36.

Kipimo cha simu si kipimo cha munganga, na nilimuambia hivyo. Lakini hakuna mutu alicheka tena ndani ya saloni.

Kelele inakula nini

Watu wa afya ya kazi wanatumia kipimo cha desibeli. Shirika la utafiti wa usalama wa kazi la Marekani, NIOSH, linasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 100 ni dakika 15 tu. Mashine ya kutoboa mawe kwa hewa inaweza kupita 110. Ku desibeli 110, muda wake unaisha mbele ya dakika mbili.

Kelele inaua vinywele vidogo vyenye viko ndani kabisa ya sikio. Vikishakufa havioti tena. Na haianze ku sauti zote. Mara mingi inaanza karibu na hezi 4,000, juu, ku sauti nyembamba. Ndiyo maana mutu hajui. Anasikia motere, anasikia besi, anasikia watu wanasema. Lakini herufi sawa s, f, t zinaanza kupotea, na anaanza kusema, "Batu ba leo banasema ndani ya meno."

Sasa ona hii: zile sauti nyembamba, safi, zenye kufanya kaske ya bei iwe tofauti na ya bei kidogo, ndizo mashine inakula kwanza. Muchimbaji bila kinga analipa dola 300 kwa kintu chenye kazi yake imeshamunyang'anya masikio ya kukisikia. Na kwa sababu hasikie vizuri, anapandisha sauti, na kaske yenyewe inamaliza kile kilichobaki. Simu na kaske zinaweza kufika desibeli 100. Shirika la Afya Duniani linashauri tusipite desibeli 80 kwa saa 40 ku juma.

Na jambo moja la hatari, lenye mudogo wangu alikuwa anafikiria kufanya. Kaske ya muziki, hata ile yenye kuzima kelele, haiko kinga ya kazi. Haikutengenezwa kwa kuzuia mashine ya kutoboa. Na itakufunika ule mulio wa lori yenye inarudi nyuma. Muziki uache ndani ya bisi.

Tuliamua nini

Kaske ilibaki. Anaitumia ndani ya bisi, sauti nusu, na kuzima kelele kunamusaidia asipandishe. Hiyo ni faida ya kweli, hata kama dola 100 zingetosha kuipata. Ampli na bafle zake zilirudi ku duka. Muuzishaji alikata kitu, tukabishana, tukakubali. Minervali ililipwa. Na zikabaki za kununua bafle ndogo moja ya kuchajiwa, yenye tuliisikiliza mbele ya kulipa, na muziki wetu wenyewe, si ule wa muuzishaji.

Kama unaenda kununua, fanya vilevile. Sikiliza mbele ya kulipa. Ingia na mutu kijana, masikio yake akusaidie. Pima uzito ku mukono, soma jina herufi kwa herufi, jaribu kuiunganisha na programu ya marki ile. Feki mara mingi inakwama pale. Soma vati za nyuma, si za mbele. Kati ya dola 30 na 100 unaweza kupata kintu cha kukutumikia vizuri. Kupita pale, unalipa starehe, unalipa kuzima kelele, ao unalipa jina. Haiko zambi kulipa jina, mradi unajua ni jina, na watoto wamekwisha kuingia masomo.

Lakini mbele ya yote, pima masikio. Mudogo wangu alienda ku munganga wa kazi kuomba odiogramu. Karatasi ilionyesha shimo palepale, hezi 4,000, ku masikio yote mawili, ya kushoto zaidi. Munganga alimuambia haitarudi, lakini inaweza kusimama hapo. Sasa anavaa bushoni, na juu yake anavaa ile kaske ya kuzuia kelele yenye alikuwa anaacha ndani ya kabati juu inatoa jasho.

Siku ya mungu yenye ilifuata, Baba aliomba muziki wa Mwenda Jean-Bosco, gitari ya zamani, yenye Hugh Tracey alirekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Gitari moja, sauti moja, mikro ya wakati ule. Tuliweka bafle ndogo karibu na sikio lake la kuume. Alifunga macho, vidole vinacheza ku goti.

"Gitari naisikia," alisema. "Maneno njo yalishaenda."

Kisha akamugeukia mwana wake. "Ile kaske ya bure," akasema, "uko unaivaa?"

"Naivaa, Baba," mudogo wangu alijibu, kwa nguvu, ili asikie.